Upande wa Dereva

Kila mwenzangu shuleni anapopata bahati ya kusafiri kwa ndege, lazima atokee mjuaji mmoja katika chumba cha walimu wa kumpa ushauri wa dirisha. Chukua dirisha. Usikae kwenye bawa, bawa linaziba. Asubuhi kimbia upande wa jua. Mimi huendelea kusahihisha madaftari yangu. Wakinigeukia, maana wanajua nimewahi kupanda, nawaambia wakae popote, watafika tu. Wanasema nina roho mbaya. Haya, ninayo. Nilichagua dirisha mara moja maishani, nikalichagua kwa akili zangu zote na kwa kujidai, na dirisha lile lilimkosesha mama yangu shamba.

Nianze na sisi ni nani, maana Gitega watu hupenda kulijua hilo hata kabla ya salamu. Baba alikuwa mtu wa Bukirasazi, mama mtu wa Muyinga. Walikimbia vita nikiwa mgongoni mwa mama, wakavuka kuingia Tanzania. Huko nikakulia kambini, nikasomea kambini, nikamzika baba kambini. Bunduki ziliponyamaza na kambi ikafungwa, mimi na mama tulipakiwa kwenye lori pamoja na magodoro yetu na kuku watatu, tukarudi. Kwa Kirundi watu wa namna yetu tunaitwa abahungutse, waliorejea kutoka ukimbizini. Ni neno tamu ukilisikia redioni. Ukilisikia sokoni nyuma ya mgongo wako, maana yake ni kwamba hawa ndio wanaokuja kutudai mashamba.

Bukirasazi ndugu za baba walitupokea kwa machozi na ugali. Walisema walidhani tumekufa wote. Kisha wakatuonyesha jinsi walivyokwisha kugawana mashamba ya kilima kizima, maana Burundi kilima ndicho kijiji, wakatusindikiza vizuri sana mpaka barabarani, wakangoja hadi gari lilipotuchukua. Tukapanga vyumba viwili Yoba, hapo hapo mjini Gitega.

Kilichotuokoa ni Kiswahili. Shule zilikuwa zimeanza kukifundisha na walimu hawakuwapo. Watu wa mji walikuwa na Kiswahili chao, mi iko, we iko, chakula iko, meza iko, kila kitu iko. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha Tanzania na cheti cha kambini. Basi nikawa mwalimu. Na wee, nilijua kujivuna! Nilisahihisha wanafunzi, nikasahihisha wauza nyanya, nikasahihisha mahubiri ya Jumapili pale pale kwenye benchi, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika. Kilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wenyeji hawakuwa nacho, na nilikitumia kama fimbo.

Mama hakuwa na cha kumtambia mtu, ila igiseke yake. Igiseke ni kikapu, lakini kwenye mambo ya ardhi ni kipande cha shamba ambacho baba anamtengea binti, ili hata akiolewa mbali, akiachika au akifiwa, awe na mahali pa kupiga jembe. Mashamba mengine yote ni ya wanaume. Babu yangu wa Muyinga alimtengea mama kikapu chake mwaka alioolewa, mteremko mmoja nyuma ya kilima, na kwenye mpaka akapanda imivumu minne. Umuvumu ni mti wa jamii ya mkuyu. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, linashika, na baada ya miaka linakuwa mti wa kufunika nyumba. Minne kwa sababu mahari ya mama ilikuwa ng'ombe wanne, na babu alitaka kila mtu alijue hilo. Kambini njaa ilipobana, mama alikuwa akituhadithia ile miti mmoja mmoja. Wa kwanza una nyuki. Wa pili umeinama. Wa tatu ndio wa kivuli. Wa nne ulichelewa kushika, babu akaumwagilia kwa mkono kiangazi kizima.

Aliyebaki kwenye kilima ni mjomba, mdogo wake mama. Tuliporudi tukaenda kumwona. Hakutuacha tufike kwake. Alitungojea kwenye maduka ya barabarani, akatukalisha kwenye benchi, akatununulia Fanta, akauliza habari za kila mtu mpaka marehemu. Kisha akasema, kwa upole wote, kwamba mzee wao hakuwahi kumtengea binti yeyote kikapu. Mama akauliza, na imivumu je? Mjomba akashangaa, imivumu gani? Pale hapajawahi kuota umuvumu hata mmoja. Mama akasema basi twende tukaone. Mjomba akasema njia ni mbaya, mvua imeiharibu.

Mama aliweka chupa chini ikiwa nusu. Akasimama pale mbele ya wauza duka na wenye baiskeli, akaapa kwamba udongo wa Muyinga hataukanyaga tena, wala mguu wowote uliotoka tumboni mwake hautaukanyaga, mpaka wazee wa kilima wamwite kwenye shamba lake. Nilitamani kumziba mdomo. Hasira hasara, na kiapo si kitu cha kuchezea kwetu. Tulirudi Gitega bila kuona mti wala jani, na njia ya kwenda kuona tulikuwa tumejifungia wenyewe.

Alipeleka malalamiko kwa bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za kilima, akangoja miaka miwili. Kila mtu wa Muyinga aliyekuja soko la Gitega na maharage, mama alimwuliza habari za miti. Wote walijitia kupima maharage. Mjomba alikuwa mtu wa kuogopwa.

Mwishowe wazee wakaita. Walitoa siku, na wakatuma maneno mawili. La kwanza, kama kuna alama ya babu ardhini, mama aje aionyeshe, naye atapewa kikapu chake chote. La pili, mjomba amekubali kumpa dada yake kipande cha bondeni, kando ya kinamasi, kama zawadi tu ya ndugu, mradi aache kutaja kikapu. Kipande chenyewe hakikuwa kikubwa, lakini kando ya kinamasi maharage huota hata kiangazi. Mama hakuwa mjinga. Alisema kama miti ipo, atadai chote. Kama haipo, atachukua la bondeni, amshukuru Mungu, alime. Mambo yote yalining'inia hapo, miti ipo au haipo, na hatukuwa na wa kutuambia.

Mwezi huo huo nikachaguliwa kwenda Nairobi kwenye mafunzo ya walimu wa Kiswahili, siku kumi, tiketi ya ndege kutoka Bujumbura imelipwa. Shuleni walinishangilia. Mkuu wa shule akanipa ile methali ya Kirundi ya kindege, kwamba kanyoni kasikoruka hakajui kulikoiva mtama. Nilifika nyumbani nimevimba kichwa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kama ndege hiyo inapita juu ya Muyinga.

Nikamwuliza, na kile kiapo je?

"Niliapia mguu," akasema. "Jicho sikuliapia. Ndege haikanyagi."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Yeye hakucheka. Alichukua ukurasa wa nyuma wa daftari la mwanafunzi, akanichorea kwa peni nyekundu barabara, kona yake, kinamasi kilichopinda kama mundu, kilima, na nyuma ya kilima nukta nne.

Sasa upande gani? Hapo ndipo nilipokwenda kwa jirani yetu, Mwislamu mmoja wa Yoba, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye alikuwa akienda Nairobi kwa ndege kila biashara ilipomnyookea. Nilimkuta barazani kwake, akaniletea kiti, akaita chai. Mtu mwema sana yule, na alijua anachosema. Alinieleza kwamba ndege ikishaipanda milima ya juu ya Bujumbura, Gitega inabaki upande mmoja na Muyinga upande mwingine, zote mbili huzipati, lazima uchague.

"Mwalimu, we ukae upande ya shofere," akasema. "Utaona Muyinga yote, na maziwa ya Kirundo iko inang'aa kule nyuma yake."

Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikamwambia si upande ya, ni upande wa. Na ndege haina shofere. Shofere ni dereva, na ndege ina rubani.

Alicheka, hakuudhika. Alisema haya mwalimu, basi ukae upande ya rubani. Nikatikisa kichwa kwa ile "ya" yake, nikamaliza chai, nikaondoka nimeridhika. Sikuuliza kushoto au kulia. Ningeulizaje kitu ninachokijua? Maisha yangu yote dereva alikaa kulia. Lori lililotuletea unga kambini, dereva kulia. Lori lililoturudisha, dereva kulia, nilimwona kwa macho yangu akitema mate kupitia dirisha lake.

Siku ya safari nilishuka Bujumbura alfajiri. Msichana wa kaunta pale uwanjani aliniuliza kwa Kifaransa, dirishani au kando ya njia ya kupita. Nikajibu kwa Kifaransa changu cha kubabaisha, dirisha, upande wa kulia. Akaangalia mashine yake, akasema kushoto kuna kiti kizuri zaidi, mbele kabisa ya bawa, hakuna kinachoziba. Alinibembeleza, masikini. Nikamwambia kulia, asante, najua ninachotaka.

Nilifunga mkanda, nikaweka karatasi ya mama magotini, nikabandika paji la uso kwenye kioo. Sitaki kusema haikuwa nzuri. Nchi ile nimeipanda na kuishuka kwenye magari ya kila aina, nikiitapikia na kuitukana kona zake, na sijawahi kujua kwamba imepambwa vile. Mashamba yalikuwa yameshonwa ubavuni mwa milima kipande kwa kipande, mengine yamelala kabisa, mengine yamesimama. Nilianza kuyatafuta maziwa ya Kirundo. Nilingoja king'ae kitu. Hakikung'aa kitu. Badala yake ulijitokeza kule mbali mji, mabati mengi, barabara zinaingia na kutoka.

Bwana mmoja wa suti aliyekaa kando yangu aliinama akatazama, akasema kwa furaha kwamba ile ni Gitega. Nikamwambia haiwezi kuwa Gitega. Akasema yeye ni mzaliwa wa Giheta, jirani kabisa na Gitega, na hafundishwi na mtu ilipo Gitega. Nikatazama tena, vizuri, na ilikuwa Gitega kweli. Nilikuwa nimepanda ndege kwenda kuiangalia Yoba.

Nilifungua mkanda nikasimama. Mhudumu akaniambia nikae, taa ya mkanda inawaka. Sikukaa. Nilivuka mpaka kiti cha upande wa pili, ambako mwanamume alikuwa amelala na kifuniko cha dirisha amekishusha kabisa. Nilimwinamia, nikakipandisha bila kumwomba. Aliamka akaniuliza nina nini. Nikamwambia natafuta miti. Sijui alinielewaje, lakini alijibana kwenye kiti chake.

Nje kulikuwa na vilima. Vilima nyuma ya vilima, vyote kijani, vyote ndugu, na kati yao vinamasi vingi vyembamba, na kila kimoja kimepinda kama mundu. Shamba zima lilikuwa dogo kuliko ukucha. Mti hukuweza kuutofautisha na mgomba, wala mgomba na kivuli. Mhudumu alinishika mkono, sasa kwa nguvu, akanirudisha kwenye kiti changu kama mtoto, na abiria wote wakanitazama.

Kwa hiyo ukweli ni kwamba hata ningekaa kushoto tangu mwanzo nisingeona kitu. Nimelifikiria hilo miaka mingi sasa na ndilo linaloniuma kuliko yote. Kama ningekaa kushoto, ningerudi kwa mama nikamwambia, mama, huko juu miti haionekani. Angeudhika kidogo, yangekwisha, angechukua la bondeni. Lakini mimi nilikuwa nimekosea upande. Nilikuwa na kosa la kuficha. Kurudi hakukunisaidia, ndege ilizunguka Kigali na jua lilikuwa limeshakuchwa, dirishani sikuona ila uso wangu.

Nilifika Yoba kesho yake mchana. Njiani kote nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anachambua maharage kwenye ungo, amevaa kitenge chake cha kanisani siku ya kazi. Nilielewa kwamba alikivaa kwa ajili ya habari zangu. Hakuuliza habari za Nairobi. Hakuuliza hata kama niliona.

"Mingapi?" akaniuliza.

Nikajibu, "Minne."

Mdomo wangu ulijibu wenyewe, wallahi. Mama aliweka ungo chini. Akauliza kama ule wa pili bado umeinama. Nikasema umeinama. Akafunika uso kwa kitenge akakaa hivyo kitambo, mabega yanatikisika, na nilipotaka kumgusa nikaona anacheka. Siku hiyo alikula sahani mbili. Aliwaambia majirani wa kulia na wa kushoto kwamba mwanawe amepita juu ya mlango wa mjomba na mjomba hakujua.

Nilikwenda kwa yule jirani wa vitambaa kugombana naye. Nilimwambia amenipoteza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akanishika mkono wa nguo, akanipeleka mpaka kwenye pikapu yake kuukuu iliyoegeshwa ukutani, akaweka kiganja kwenye mlango wa dereva. Ulikuwa wa kushoto. Nilikuwa nimeipita pikapu ile kila siku, asubuhi na jioni. Burundi magari hupita kulia na usukani huwa kushoto, isipokuwa yale yaliyoletwa kutoka kwetu, Tanzania, na angalia, hata leo nimesema kwetu. Akaniambia pia, bila kunicheka, kwamba hata rubani mkubwa wa ndege hukaa kushoto. Basi ningefuata hata neno langu mwenyewe, lile nililomsahihisha nalo, ningekaa panapotakiwa.

Zilibaki wiki mbili kabla ya siku ya wazee. Wiki mbili nzima. Nilikuwa na kila asubuhi na kila mlo wa kumwambia mama, na kila asubuhi nilimkuta ameamka kabla yangu anaimba. Nikajisemea miti ya aina ile haifi, ukiikata inachipua, lazima ipo. Nikajisemea huenda sikusema uongo, nimetangulia tu kusema kweli. Wiki ile ile nilikuwa nikifundisha methali, na nikaiandika ubaoni, njia ya mwongo ni fupi, watoto wakaisoma kwa pamoja mara tatu, na mimi nikawasahihisha matamshi.

Tulikwenda Muyinga mimi na mama. Wazee walikuwa saba, wamekaa kwenye viti vya mbao uani kwa mjomba, na watu wa kilima wamesimama kwenye ua wa miti kuzunguka. Walituamkia vizuri. Mkubwa wao akazungumza kwanza habari za undugu, na kwamba vita vimekwisha na watu wa tumbo moja wasianzishe vingine. Kisha akarudia kwamba mjomba anatoa kipande cha bondeni kwa hiari yake. Mjomba akaitikia. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka. Alimtazama dada yake kama mtu anayetaka jambo liishe. Mama angesema asante tu, jioni ile angelala na shamba.

Alisimama, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akasema hataki zawadi, anataka kikapu chake. Alama ya baba yake iko nyuma ya kilima, miti minne, wa pili umeinama. Mwanawe ameiona kwa macho, na mwanawe ni mwalimu.

Watu wote wakanitazama. Mjomba alinitazama zaidi ya wote, na niliona kwamba amepigwa na mshangao, si hofu. Mkubwa wa wazee akasema basi, twende.

Tulipita nyuma ya nyumba, mama mbele, karibu anakimbia. Alikuwa na umri ambao watu hushika fimbo. Tulipotokea upande wa pili wa kilima, chini yetu kulikuwa na kinamasi, na mteremko wote ulikuwa muhogo. Muhogo tu, umepandwa kwa mistari, mpaka kwenye ua wa jirani. Hapakuwa na mti, hapakuwa na gogo, hapakuwa na kisiki.

Mama alisimama. Watu wa kilima walianza kunong'ona, na mmoja akacheka akanyamazishwa. Mkubwa wa wazee hakumwuliza mama kitu. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulimwambia mama umeiona?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa naufungua kusema kweli, lakini ni nani sasa wa kuniapia mimi? Mama aliwahi. Hakunitazama hata kidogo, alimtazama mzee.

"Huyo hakusema kitu," akasema. "Yeye ni mwalimu, hasemi uongo. Miti hiyo nimeitunga mimi. Nilitaka shamba."

Nikafunga mdomo.

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa akichimbua udongo kwa kidole cha mguu. Ukiacha mama, aliyejua kuliko wote pale kwamba miti ilikuwepo ni yeye, na waliojua wengine walimwogopa. Na ndipo nikaona. Kwenye ule muhogo kulikuwa na mahali panne, kwa mstari mmoja ulionyooka kuelekea bondeni, ambapo mimea ilikuwa imeinuka juu kuliko mingine, majani meusi kwa afya, kama muhogo unavyoota palipooza kisiki kikubwa. Mahali pa pili palikuwa pameachana kidogo na mstari. Niliona waziwazi, mchana, hatua ishirini kutoka nilipokuwa. Mama naye alikuwa anapatazama. Lakini alikuwa ameshasema ametunga, na kuyakanusha maneno yake mbele za watu kulihitaji mimi nikiri kwanza, na mimi nilikuwa mwalimu, na watu walikuwa wengi. Sikusema.

Wazee walirudi uani, wakakaa, wakaamua upesi. Aliyetunga alama hana kikapu, na mdogo wake hafungwi tena na ahadi ya bondeni, maana zawadi hapewi mtu aliyekuja kumwita nduguye mwizi kwa uongo. Mama akatozwa faini ya desturi, mtungi wa pombe ya ndizi, unywewe pale pale na wote, ili maneno yaishe.

Mama hakuwa na mtungi. Nikaenda mimi mpaka kwenye maduka ya barabarani, nikaununua, nikaupandisha kilima kichwani na viatu vyangu vya shule. Nikaomba mirija, nikampa kila mzee wake kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, kisha mjomba, kisha mama. Walifurahi. Mkubwa wa wazee alivuta, akapangusa mdomo, akasema siku hizi watoto waliosoma huwaonea aibu wazazi wao, lakini huyu amekuja mpaka hapa, amebeba aibu ya mama yake kichwani mbele za watu, hakulalamika. Akamgeukia mama akamwambia kwamba hata kama hakupata shamba, Mungu amempa mtoto.

"Ni kweli," mama akasema, akainamia mrija wake akanywa.